Fundi, unavumilia

Wateja wangu huanza kuomba radhi kabla sijaitoa futi shingoni. Mwanamke anaingia fremuni na kitenge chake mkononi, tunasalimiana, tunaelewana mshono, nikimwambia asimame nimpime maneno yanabadilika. "Samahani fundi, tumbo hili la uzazi." "Mikono yangu minene, usishangae." "Hipsi hazilingani, hapo utanisitiri." Nashona Kariakoo mwaka wa kumi na tisa sasa, na simkumbuki hata mwanamke mmoja aliyesimama mbele yangu akanipa mwili wake bila maelezo. Nilikuwa nawajibu kwa moyo kabisa: usijali mama, nguo ndiyo inayomfuata mtu. Na siku zote hizo nilikuwa nimevaa blauzi yenye pedi moja tu ya bega, upande wa kushoto, nene kama kidole gumba, niliyoishona mwenyewe usiku nikiwa nimefunga mlango.

Mgongo wangu una kombo. Uti unaanza vizuri shingoni, ukifika katikati ya mabega unakwenda kulia, kisha chini unarudi kushoto kabla ya kukaa kwenye nyonga. Madaktari huita hali hiyo skoliosisi. Wengi hudhani mgongo umepinda tu kama fimbo, kumbe pingili nazo huwa zimejizungusha, na zikijizungusha zinazisukuma mbavu za upande mmoja kwa nyuma. Mbavu hizo ndizo watu wanazoziona wakasema kibiongo. Zangu zimetokeza kulia. Bega la kulia limepanda kuliko la kushoto kwa inchi moja na robo, kiuno kimebonyea upande mmoja na upande wa pili kimesimama kama ukuta, na sketi niliyoikata sawasawa mezani, nikiivaa, pindo linapanda. Nilijua kukata nguo zangu kwa hesabu mbili kabla sijajua kukata za watu.

Kombo hili lilionekana nikiwa na miaka kumi na miwili, Tanga, mwaka niliorefuka ghafla. Shangazi alikuwa ananisuka, nimeinama mbele yake, akasimamisha mikono. Akaita watu. Nikainamishwa uani, mgongo wazi, wakubwa wanne wamenizunguka, kila mmoja anapitisha kiganja chake na kusema lake. Bibi, niliyekuwa nikikaa naye, alisema ni ndoo. Kila asubuhi nilichota maji bombani na kuibeba ndoo kwa mkono wa kulia, na yeye ndiye aliyekuwa akinituma. Alijilaumu kwa ndoo zile mpaka alipofariki. Leo najua kwamba ndoo hazifanyi hivyo, wala begi la shule, wala kukaa vibaya darasani. Kwa wagonjwa walio wengi chanzo hakijulikani. Hali hujitokeza mwili unaporefuka, huwapata watoto wawili au watatu katika kila mia, na kwa wasichana ndiyo huelekea kuzidi. Bibi hakulisikia hilo. Ningetoa chochote alisikie.

Yeye ndiye aliyewajibu watoto wa mtaa walioniita Kombo. Alitoka mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Hujafa hujaumbika," na wakatawanyika. Wengine wote nyumbani walikuwa na neno moja kwa ajili yangu: vumilia. Walionisema shuleni, vumilia. Maumivu ya usiku, vumilia. Nikiwa na miaka ishirini na mbili posa ilikuja, watu wakala wakanywa, na baada ya wiki mbili ikarudishwa kwa sababu kuna mtu wa upande wa pili aliyeuliza kama watoto nao watazaliwa hivi. Mama alinishika mkono akaniambia mvumilivu hula mbivu. Hakusema kwa ubaya. Ndicho alichokuwa nacho cha kunipa, na alikuwa amekila yeye mwenyewe maisha yake yote.

Nilipofika miaka thelathini na mitano mgongo ulinishinda. Cherehani inataka uiname mbele, shingo chini, mguu mmoja kazini, saa tisa au kumi kwa siku, na mgongo ulionyooka wenyewe hulalamika kwa kazi hiyo, sembuse wangu. Ilifika nikawa siwezi kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Nilikwenda hospitali nikapigwa eksirei. Daktari alichora mistari miwili juu ya picha, akapima pembe kati yake, akaandika nyuzi 34. Alinieleza kwa utulivu. Chini ya nyuzi 10 hawaiti skoliosisi. Mtoto ambaye bado anakua, mwenye nyuzi 25 hadi 40, anaweza kuvalishwa koti gumu la kuuzuia mgongo usizidi kupinda. Ukifika 45 au 50 ndipo huanza kuzungumza upasuaji. "Wewe mifupa yako ilishamaliza kukua," alisema. "Huu utaishi nao. Tafuta mazoezi."

Mteja wangu mmoja wa Upanga, mama wa Kihindi mwenye umri wa mama yangu, aliniona siku hiyo hiyo nikiinuka. Alikuwa amekuja kufuata blauzi mbili za sari. Nilimwamkia, akaitikia, na badala ya kuzitazama blauzi akanitazama mimi nikiishika meza. Hakuuliza una nini. Akasema, "Fundi, Jumamosi saa moja asubuhi njoo ukumbini kwetu. Vaa suruali chini ya dera. Njoo na kanga." Nilimshonea miaka minane bila kujua kwamba anafundisha yoga.

Nilikwenda kwa lengo moja, na nalisema wazi kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki: nilikwenda kunyoosha mgongo.

Ukumbi ule una sakafu ya terazo, feni tatu, na kabati lililojaa mablanketi, mikanda, matofali ya mbao na viti vya chuma vya kukunja. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Mwalimu (tangu siku ile sikumwita tena mama) alianza na mkao uitwao tadasana, mkao wa mlima, ambao ukiutazama ni mtu amesimama tu. Unasimama, unyayo umetulia, magoti yamefunguka, mikono kando. Nilifikiri hilo halina kazi. Baada ya dakika moja nilikuwa natetemeka. Nilikuwa nasimama kama nilivyojifunza kusimama tangu utoto: bega la kulia nimelishusha kwa nguvu, la kushoto nimelipandisha, meno yamebana, tumbo limeingia ndani. Nilikuwa napiga pasi mwili wangu mbele ya watu. Alinizunguka taratibu, akasimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya mimi peke yangu kusikia:

"Fundi, unavumilia. Pumua."

Nikagundua kwamba nilikuwa sijavuta pumzi. Tangu alipoanza kunisogelea nilikuwa nimeizuia.

Nimeyafikiria maneno yale mawili kuliko khutuba yoyote niliyowahi kusikia. Neno ambalo nyumbani lilikuwa sifa yangu, kwake lilikuwa jina la kitu mwili wangu unachokifanya, na kitu chenyewe kinaonekana: mtu anayevumilia huzuia pumzi. Jaribu kumtazama mwanamke aliyekaa anasemwa na hathubutu kujibu. Tazama kifua chake.

Nyumbani kulikuwa na jambo la dini, nisilipite. Mama alipiga simu kutoka Tanga, amesikia kwa watu. "Mwanangu, hiyo si ibada yao?" Swali lake ni la haki na si la mama yangu tu. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga. Mwaka uliofuata baraza la maulamaa la Indonesia likatenganisha: yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwa, na ibada za Kihindu ni haramu, ya mazoezi matupu inaruhusiwa. Saudi Arabia nayo mwezi wa Novemba 2017 iliitambua yoga kuwa miongoni mwa shughuli za michezo. Kwa hiyo wanazuoni wenyewe hawakulisema kwa sauti moja, nami sikujifanya kwa mama kwamba ni jambo dogo. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia kwamba ile sauti ya kuanzia kipindi mimi sitaitoa. Akasema, "Sisi tukianza, wewe kaa kimya, au soma Bismillahi yako. Mgongo hauna habari." Nilipomweleza mama hayo alinyamaza kidogo, akasema nitie nia yangu safi. Tangu hapo nafanya nyumbani Magomeni baada ya swala ya alfajiri. Mswala naukunja na kuuweka pembeni kwanza, kisha ndipo natandika mkeka wa mazoezi. Ni vitu viwili na kila kimoja nakipa heshima yake.

Lile kabati la mablanketi lina asili yake, na mwalimu alitusimulia siku mvua ilipotuzuia kutoka. Alijifunza Pune, mji wa India alikofundisha B.K.S. Iyengar. Iyengar alizaliwa mwaka 1918, mwaka wa homa kubwa ya mafua iliyoua watu dunia nzima, mama yake akiwa mgonjwa wa homa hiyo, naye akakua mtoto dhaifu: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Alipelekwa Mysore kwa shemeji yake Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga chini ya ufadhili wa mfalme wa huko, naye akaanza mwili ukiwa hauna nguvu yoyote. Alipokuwa mwalimu, aliwaingiza watu wengi katika matumizi ya mikanda, matofali, viti na kamba, ili mtu ambaye mkono wake haufiki sakafuni aletewe sakafu mkononi. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Mwalimu alisema hayo huku anakunja mablanketi, ncha kwa ncha, kwa unadhifu ambao mimi fundi niliuona. Nilijisikia nimo mikononi mwa watu wanaojua kazi.

Sasa nieleze kile kipande cha mwisho wa kipindi, kwa sababu ndicho kilichonivunja na kuniunga.

Huitwa shavasana, mkao wa maiti. Jina lilinitisha. Unalala chali, miguu imeachana, viganja juu, macho umefumba, hufanyi lolote kwa dakika kumi. Wenzangu walikuwa wanausubiri kwa hamu. Mimi nilikuwa nauogopa, kwa kuwa mimi silali chali. Nikilala chali, mbavu za kulia zinagusa chini kabla ya kitu kingine chochote na upande wa kushoto unabaki hewani, kuna uwazi hapo unaoweza kupitisha ngumi. Tangu utoto nimelala ubavu. Wiki za kwanza nililala pale nikiubana upande wa kushoto kuelekea sakafuni, nasubiri kengele. Wiki ya nne au ya tano mwalimu alipiga magoti kando yangu. Alichukua kanga yangu iliyokuwa pembeni, akaikunja mara mbili, akaipima kwa jicho, akaikunja tena, akainua bega langu la kushoto kwa mkono mmoja kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akaiingiza pale kwenye uwazi. Akanishusha. Kanga ikajaza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mgongo wangu wote ulikuwa umeshikwa na kitu kwa wakati mmoja.

Nililia bila sauti, machozi yakaingia masikioni. Hakuna aliyenigusa wala kuniuliza, na nashukuru. Nilichokuwa nafikiria pale chini ni kipimo. Alikuja na mkunjo unaolingana na uwazi. Hakunisukuma mimi niende chini kwenye sakafu. Kazi hiyo naifanya kila siku kwa watu, naongeza kitambaa pale mwili ulipoongeza, napunguza pale ulipopunguza, na haikuwahi kunijia kwamba sakafu nayo inaweza kufanyiwa hivyo kwa ajili yangu.

Kanga ile ilikuwa imeandikwa wastara hazumbuki. Nimevaa maneno hayo miaka mingi na nayaamini. Mimi najistiri, navaa mtandio na dera langu pana, na yoga haikunibadilisha hapo hata kidogo. Ila nilianza kuona kwamba stara na ile pedi ya bega havikuwa ndugu. Stara naivaa kwa Mungu wangu na inanipumzisha. Pedi niliivaa kwa macho ya watu, na jioni nikiivua shingo ilikuwa inauma.

Mwalimu alinifundisha pumzi. Wengine aliwaambia wavute pumzi kifua kizima. Mimi aliniambia niipeleke kushoto kwa nyuma, kwenye ubavu ule uliobonyea. Aliweka vidole vyake vitatu pale. "Nisukume kwa pumzi." Kwa wiki kadhaa hakukuwa na kitu, palikuwa kama chumba kilichofungwa. Siku moja vidole vilisogea. Baadaye nilisoma kwamba kuna mwanamke wa Kijerumani, Katharina Schroth, aliyezaliwa mwaka 1894 na mgongo wake mwenyewe ukiwa na kombo, aliyeanza mnamo mwaka 1921 kuwafundisha wagonjwa njia hiyo hiyo, kuielekeza pumzi upande ulioingia ndani, na hadi leo wataalamu wa mazoezi ya tiba wanaitumia. Sijui kama mwalimu alimjua. Ila niliposoma habari zake nilisimamisha cherehani nikakaa kimya. Miaka mia moja iliyopita, mwanamke mwingine alikuwa amekaa na ubavu kama wangu akijaribu kuujaza hewa.

Nilifanya hivyo miaka mitatu. Jumamosi na Jumanne ukumbini, shilingi 5,000 kila kipindi, na asubuhi nyumbani dakika ishirini. Maumivu yalipungua sana. Nilikuwa nainuka kwenye kiti kama watu. Na moyoni, kimya kimya, nilikuwa nahesabu. Kila nilipopita kwenye kioo nilitazama bega. Nilikuwa na uhakika limeshuka. Basi nikaweka akiba, nikarudi hospitali, nikapiga eksirei ya pili.

Nyuzi 35.

Daktari aliniona uso. Akasema tofauti ya chini ya nyuzi 5 haihesabiwi, inaweza kuwa namna nilivyosimama au mkono wa aliyepima, na kwamba kwa umri wangu mgongo kukaa pale ulipo ni habari njema. Nilimsikia. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe na bahasha ya picha mkononi, watu wakinipita, na nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile posa iliporudi.

Sikwenda ukumbini wiki saba. Ramadhani ilikuwa inakaribia, nguo za Idi zimejaa, sababu ilikuwepo na watu waliniamini. Nilishona usiku na mchana. Maumivu yalirudi wiki ya tatu. Nikayavumilia, na safari hii nilijua ninachofanya, nilijisikia nikizuia pumzi kila nilipokanyaga pedeli.

Sijui kukieleza vizuri kilichotokea wiki zile. Kuna gauni mteja alileta lirekebishwe, gauni la harusi la marehemu mama yake, anataka kulivaa. Kitambaa kilikuwa kimechoka. Ukikifumua mara moja zaidi kinachanika. Nilimwambia: hili halifumuliki tena dada, tukilipenda lilivyo tutalivaa, tukitaka liwe jingine tutalipoteza. Nikasema maneno hayo kama fundi, kwa sababu ni kweli, kitambaa ndivyo kilivyokuwa. Jioni nikifunga fremu yakanirudia. Miaka mitatu nilikuwa naulaza mwili wangu kwenye mkeka kama nguo ya kufumua. Kila asubuhi narudia mshono ule ule, navuta, natazama kioo, halijakaa. Hata pumzi ile ya ubavuni, kitu kizuri kuliko vyote nilivyopewa, niliigeuza chombo cha kunyooshea.

Nilirudi ukumbini wiki mbili baada ya Idi. Mwalimu hakusema lolote kuhusu wiki zilizopita. Alifungua kabati akaniletea blanketi. Mwisho wa kipindi nilimwonyesha picha zote mbili, akazishika juu dirishani, akaziangalia muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba kitabu cha zamani cha yoga, cha Patanjali, kina mistari isiyofika 200, na kati ya hiyo ni mitatu tu inayozungumzia mkao. Wa kwanza wa hiyo mitatu ni maneno matatu: sthira, sukham, asanam. Mkao uwe imara, na uwe na raha. "Wewe imara unayo," alisema. "Umekuwa nayo tangu mtoto. Walikufundisha vizuri sana. Nusu ya pili hakuna aliyekufundisha." Akanirudishia picha. "Haikuandikwa popote kwamba uwe umenyooka."

Kuanzia hapo nilianza upya kwa kweli. Mikao ni ile ile. Nikisimama mlima, bega la kulia liko juu na naliacha huko. Nikiinama mbele, ule mkao ambao wakubwa waliniinamisha nao uani, mbavu zangu zinapanda juu kama kilima kidogo, wenzangu walio nyuma yangu wanaziona, na mimi napumua. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuinama hivyo bila kuisikia mikono ya watu wale wanne. Siku nyingine bado naisikia.

Mengi yaliyobadilika ni madogo na yako nje ya mkeka. Niliweka kigoda chini ya mguu wangu wa kushoto kwenye cherehani. Kila nusu saa nainuka, hata kama mteja anasubiri. Kuna mteja wa siku nyingi aliyekuwa na tabia ya kuchukua nguo leo na kulipa mwezi unaofuata, na kulipa pungufu. Siku moja akiingia nilijikuta nimeacha kupumua kabla hata hajanisalimu. Nikatulia, nikashusha pumzi, nikamwambia, "Dada, hii utalipa yote ndipo uichukue." Aliondoka kwa hasira, akarudi baada ya siku nne na pesa kamili. Nilikuwa nimemvumilia miaka sita.

Kwenye picha za familia sisimami tena pembeni upande wa kushoto nikiwa nimejificha nyuma ya bega la mtu. Pedi ile sijaitupa. Ipo kwenye kopo la vifungo, na harusi moja mwaka jana, ya upande wa wale watu wa ile posa, niliivaa. Nilijua nitawakuta. Niliivaa nikala pilau yangu nikarudi nyumbani, na asubuhi yake nikatandika mkeka kama kawaida.

Mwezi uliopita niliamua kujishonea gauni la kitenge, la kijani, lenye mgongo uliochorwa vizuri. Kinyozi hajinyoi, na fundi hawezi kujipima mgongo. Miaka yote nilikuwa nakisia kwa kioo na kwa nguo kuukuu. Basi nikamwita binti ninayemfundisha kazi, nikavua mtandio, nikabaki na blauzi nyepesi isiyo na pedi, nikamgeuzia mgongo, nikamwambia anipime kama anavyompima mteja. Nilisikia futi ikianzia shingoni. Alikwenda polepole. Alipofika kwenye mbavu alisita, nikapumua hapo hapo alipokuwa ameweka kidole, kwa nyuma, na kidole kikasogea.

"Dada, kulia ni kumi na tano na nusu. Kushoto kumi na nne na robo." Kalamu ilikuwa juu ya daftari. Kwenye daftari letu sehemu ya mgongo ina kisanduku kimoja. "Niandike ipi?"

"Andika zote."

Akapiga mstari katikati ya kisanduku, akaandika namba mbili. Mstari ule umebaki. Sasa kila ukurasa mpya tunaupiga, na tunapima mabega yote mawili ya kila anayeingia, na katika wanawake arobaini na kitu tuliowapima tangu siku hiyo ni wachache mno ambao namba zao zimelingana. Nusu inchi huku, robo inchi kule. Nilikuwa nawakata wote kama wana pande mbili zinazofanana, na magauni yakivutika nikidhani kosa ni la mkasi.

Juzi aliingia mama mmoja na doti ya kanga za kushonea dera la shughuli. Akasimama, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akaanza, "Samahani fundi, mimi mwenzio nimeharibika tangu mtoto wa tatu..." Nilifungua daftari kwenye ukurasa wangu, nikaligeuza upande wake. Akasoma jina. Akasoma kulia, akasoma kushoto, akanitazama bega. Kisha akaondoa mikono tumboni, akainyanyua juu, nikampima.